Mkanda wa Tatu Usio na Muziki

Mimi si mtu wa kutoka. Kutoka kwangu Ibighi hadi Msasani, ya hapa hapa Tukuyu, ni mwendo ambao mtoto hutumwa chumvi akarudi kabla maji ya ugali hayajachemka, lakini mimi huuandalia kama naenda kuhiji: natazama wingu la Rungwe, natafuta mwavuli, naulaumu mwavuli, nakaa tena. Ndiyo maana mazishi ya Salum fundi redio niliyafikia watu wakiwa wanakung'uta udongo miguuni. Kwa aibu hiyo nikaapa kwamba arobaini yake nitawahi, na kweli niliwahi, niliwahi mno. Wanawake walikuwa bado wanachambua mchele. Binti yake akaniweka sebuleni peke yangu na birika la chai ya tangawizi, nami nikabaki nikitazamana na ukuta, na ukutani, juu ya kabati, kilikuwa kimeegemezwa kibao ambacho sikuwa nimekiona kwa zaidi ya miaka arobaini: SINEMA LEO SAA TISA. Rangi ilikuwa imefifia, lakini ile herufi S, yenye mkia unaojikunja mara mbili kama konokono anayerudi alikotoka, ilikuwa vile vile. Nikaweka kikombe chini. Ile S ndiyo iliyonifanya nijione mpelelezi mkubwa kupita wote waliowahi kuzaliwa Tukuyu, na ndiyo iliyonifanya nimtoe mtu nyumbani kwake.

Ulikuwa mwaka wa mvua, na ulikuwa mwaka wa kushuku. Redio ilituambia kila siku kwamba maadui wa Ujamaa wamo miongoni mwetu, na sisi, watu watiifu, tukaanza kuwatafuta. Balozi wa nyumba kumi alikuwa akipita asubuhi akiuliza nani amelala kwa nani, na ukimjibu haraka aliona una jambo, ukimjibu polepole aliona unatunga. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingoja barua ya kazi ambayo nadhani bado iko njiani. Nikakaa kwa baba yangu mkubwa. Humo ndani tulikuwa watatu: Baba Mkubwa katika chumba cha mbele, mimi chumba cha kati, na Tupokile, mke wa kaka yangu Lwitiko, mtoto wa Baba Mkubwa, katika nyumba ndogo ya uani iliyoungana na jiko. Lwitiko mwenyewe alikuwa Dar es Salaam, kiwanda cha nguo, tangu mwaka uliotangulia.

Asiyezaliwa kwetu nimweleze jambo moja. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mtu na baba mkwe wake hawakuonana. Simaanishi hawakupendana, namaanisha hawakuonana kwa macho. Tupokile akisikia fimbo ya mzee inagonga ua, alijifunika khanga na kuingia migombani mpaka apite. Mzee naye alikohoa kila kona kama gari linalopiga honi, ili asimkute mkwewe. Hawakusemeshana hata neno. Basi mimi, msomi wa kidato cha nne, nikawa daraja. Tupokile aliweka sinia la mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na maharage kwenye kizingiti cha jiko, akasema, "Shemeji, mwambie baba chakula tayari." Baba Mkubwa yuko hatua nne nyuma ya ukuta wa matete, anasikia kila kitu, lakini anasubiri. Nabeba sinia, nazunguka, nasema, "Baba Mkubwa, chakula tayari." Anajibu, "Mwambie chumvi ya jana ilizidi." Narudi. Tupokile ameshasikia, ameshacheka, lakini na yeye anasubiri. "Anasema chumvi ilizidi." "Mwambie asante." Nilijiona mtu muhimu sana. Balozi wa nchi mbili.

Sinema ilitufikia kwa bahati mbaya ya watu wengine. Gari la sinema la serikali lilipanda kutoka Mbeya na filamu mbili, moja ya kilimo bora cha mahindi na nyingine ya upelelezi ya Kiingereza, likafa injini papo hapo sokoni. Dereva akaondoka na lori kutafuta kipuri, mvua ikafunga njia, na kipuri kikawa kama barua yangu ya kazi. Mashine na mikanda vikahifadhiwa ukumbi wa jamii, na Salum, kwa kuwa alitengeneza redio na mikono yake haikuweza kukaa karibu na waya ikatulia, akapewa ulinzi. Ulinzi wake ulidumu siku tano. Jumamosi ya kwanza tukaona kibao kimening'inizwa sokoni. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, Salum akajifungia na mashine yake nyuma ya pazia la magunia ya chai, na mimi nikaitwa nisimame mbele nitafsiri. Mvua nzima ya mwaka ule, kila Jumamosi saa tisa, tuliangalia mahindi, halafu picha ile ile moja.

Katika boksi la mikanda mlikuwa na karatasi iliyosema kwamba mwongozaji wa picha hii ni gwiji, ana picha zinazojulikana dunia nzima, lakini hii ni ile ambayo watu wameisahau, na yeye mwenyewe hakupenda kuizungumzia. Sisi hatukuzijua zile nyingine. Kwetu alikuwa mtu wa picha moja, na picha hiyo tuliichambua kama kuku wa Krismasi. Hadithi ni fupi. Msichana anaolewa katika jumba la mawe anakoishi baba wa mumewe. Mume anasafiri, harudi. Zinakuja barua zake, na daktari huja kumwona msichana. Msichana anaanza kushuku kwamba mume ameuawa na kwamba muuaji ni yule mzee. Basi. Lakini namna ilivyopigwa! Mzee hatuonyeshwi sura. Tunaona mkono kwenye kitasa, mgongo, koti, fimbo. Na msichana na mzee hawakai katika picha moja hata mara moja. Akiongea msichana, kamera iko kwake. Akijibu mzee, kamera imehamia upande wa pili wa mlango. Inakwenda hivyo mikanda minne na nusu.

"Hiyo ni hila," nilimwambia Salum Jumapili moja, tumekaa kibandani kwake katikati ya matumbo ya redio. "Mwongozaji anataka tumshuku mzee. Usichokiona ndicho unachokiogopa."

"Hila gani? Angalia dirisha, Amba. Upande wa msichana jua la asubuhi, upande wa mzee jua la jioni, na wanaongea muda ule ule. Hawa watu hawakuwahi kukutana. Mmoja alipigwa picha Januari, mwingine pengine Juni. Mzee wa watu labda alikuwa mgonjwa."

"Sasa mkanda wa tatu? Kwa nini muziki unakatika mkanda mzima?"

"Hapo sijui," alisema Salum. "Mara ya kwanza nilidhani spika imekufa. Nimeipiga makofi bure."

Mama Zuhura, aliyeuza vitumbua mlangoni pa kibanda, hakuwa na shida hiyo. "Nyie mmesoma mkapotea," alisema. "Yule ni mkwe na baba mkwe! Mlitaka wakae wapi, kwenye kiti kimoja? Mimi Muislamu, lakini nimeishi na Wanyakyusa. Mzee ana adabu zake. Adui ni daktari. Anaingia chumbani kwa mke wa mtu hata hodi hapigi, anakaa kitandani! Kitandani, Salum!"

Na huo ndio ulikuwa msimamo wa mji. Huko picha ilikotoka, nadhani, watazamaji walitetemeka kila mzee alipojificha. Tukuyu walimshangilia. "Eee! Amempisha!" Mkono ulipotokea kwenye kitasa na kusita, wazee waliguna kwa kuridhika. Tatizo lilikuwa mwisho. Katika picha ya mwisho kabisa msichana anafungua mlango, anainua taa, na kwa mara ya kwanza wote wawili wamo katika picha moja, sura kwa sura, na hapo filamu inaisha bila kutuambia kama mzee aliua. Hatukujua kwa sababu nyingine pia: mlango ulipoanza kufunguka, wanawake walivuta khanga usoni na kutoka nje kwa pamoja, na kelele za viti zilizima kila kitu. Tupokile alikuwa wa kwanza kutoka, kila Jumamosi.

Kulikuwa na kituko kingine, na hicho tuligombania zaidi. Barua za mume zinapoonyeshwa kwa karibu, mwandiko wake ni ule ule wa cheti cha daktari, na ule ule wa orodha ya mzee ya vitu vya dukani. Nikasema hiyo ni alama, aliyeandika barua ni muuaji. Salum akawa mkali kuliko nilivyotarajia. "Si alama ya chochote. Walikuwa na karani mmoja, akaandika karatasi zote. Mtu akiandika kwa niaba ya mwenzie kosa liko wapi?" Nikamtazama. Akainama akapuliza vumbi katika redio ambayo haikuwa na vumbi.

Hapo ndipo nilipoanza kuishi nyumbani kwetu kama niko ndani ya picha. Nikianza kushuku huwa sichoki, maana kushuku ni kazi ya kukaa. Baba Mkubwa, aliyedai sinema ni upuuzi wa vijana, alitoka kila Jumamosi mchana akisema ana mkutano, na alirudi jioni baada yetu, viatu vina tope lile jekundu la ukumbini. Tena akaanza kuvaa koti lake zito la jeshi, hata mchana, hata siku jua lilipotoka. Nilimwona mara mbili akiingiza karatasi katika mfuko wa ndani na kuupapasa. Nikawa naona mkono tu, mgongo, koti, fimbo. Siku moja, akimenya ndizi, alisema bila kuulizwa, "Yule mzee hakuua mtu."

"Mzee gani, Baba Mkubwa?"

Akachukua ndizi nyingine. "Wa kwenye redio," alisema.

Na barua zilikuwepo. Lwitiko aliandika mara mbili mwaka wa kwanza, kabla sijahamia, kisha kimya. Tupokile aliniambia wazi, akichochea moto, "Shemeji, siku nikijua mume wangu hana habari na mimi, narudi Kawetele kwa mama. Siwezi kukaa kwenye nyumba ya mtu asiyenijua." Mvua zilipoanza barua zikarudi, karibu kila wiki. Zilipitia sanduku la posta la duka la baba yake Salum, na Salum alizileta mwenyewe, bahasha zimekatwa kona. Alisema anakusanya stempu. Nilimwamini! Mtu mzima na cheti chake! Tupokile hakujua kusoma, hivyo mimi nilimsomea kwenye kizingiti cha jiko, na mimi niliandika majibu, na Salum aliyapeleka posta. Zilikuwa barua za ajabu kidogo kwa kijana wa mjini. Hazikusema neno juu ya Dar es Salaam. Ziliuliza kama amekula, kama jembe jipya ni zito, kama paa la jiko linavuja. Tupokile alisikiliza amefumba macho, kisha alisema, "Soma tena hapo pa paa."

Jumamosi ya ile aibu nilikuwa nimeutoa mfukoni ukurasa wa barua nikingoja mvua ipungue chini ya kibao cha sinema. Nikatazama juu: SINEMA LEO SAA TISA. Nikatazama chini: Salaam sana mke wangu. Konokono yule yule. Nadhani nilisema "Aha!" kwa sauti, maana mbuzi mmoja aligeuka.

Katika kichwa changu kesi ilikwisha pale pale. Salum anamtaka mke wa kaka yangu. Anajifanya mume ili amzoeze maneno matamu, na Lwitiko pengine amekufa. Niliingia ukumbini nikatafsiri mkanda wa kwanza na wa pili kwa sauti ya hakimu. Mkanda wa tatu hauhitaji mkalimani, kwani msichana anapekua nyumba peke yake, haneni. Nikapita pembeni gizani nikaingia nyuma ya pazia la magunia. Mashine ilikuwa inakereza kama cherehani kumi. Nikapiga kelele ili nisikike.

"Barua za Tupokile unaziandika wewe!"

"Amba, shusha sauti."

"Lwitiko hajaandika hata moja! Unamtaka mke wa ndugu yangu, sema!"

Ndipo gizani, juu ya kreti la soda, nyuma ya mgongo wa Salum, mtu alikohoa. Kikohozi hicho nilikijua kuliko kengele ya kanisa. Baba Mkubwa alikuwa ameketi pale na koti lake, jicho lake kwenye tundu la gunia, kama alivyoketi kila Jumamosi, kwa sababu mkwewe yuko ukumbini na yeye hawezi kukaa naye chini ya mwanga mmoja, lakini sinema na yeye aliitaka.

"Mwache mtoto wa watu," alisema, na yeye pia alipaza sauti kuishinda mashine. "Mimi ndiye niliyemwambia aandike. Lwitiko ameoa huko. Huyu mwanamke angeondoka. Ningefanyaje, nami siruhusiwi kumwambia neno?"

Ukumbi ulikuwa kimya. Si kimya cha adabu. Mwongozaji wetu, kwa sababu ambazo hakuna karatasi iliyozieleza, alikuwa ameondoa muziki katika mkanda wa tatu, na sauti iliyowafikia watu wote, kutoka mstari wa mbele mpaka mlangoni alikokaa Mama Zuhura, ilikuwa ya kwetu sisi. Nilichungulia tunduni. Kwenye kitambaa cheupe msichana alikuwa akifungua droo. Chini yake Tupokile alisimama, akavuta khanga ikafunika uso wote, akatoka akipapasa migongo ya viti. Baba mkwe wake alikuwa amesema habari zake mbele ya mji mzima, na yeye amemsikia. Hapakuwa tena na ukuta wa matete wa kujifanya haupitishi sauti.

Tupokile alikaa siku tatu. Siku ya nne nilikuta sinia kizingitini, chakula kimefunikwa kwa jani la mgomba, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nimwambie baba. Nilimpelekea. Hakula. Alikaa na koti lake akitazama mlango, na nilipomuuliza kama nimrudishie chakula, alisema, "Umrudishie nani?" Kipuri kilifika, gari likapona, picha ikaondoka. Baba Mkubwa aliishi miaka sita baada ya hapo. Alipofariki, Tupokile alikuja kutoka Kawetele akakaa nyuma ya nyumba, akalia akiwa amefunika uso, kama mkwe anavyopaswa. Mimi na Salum tulipatana tena, maana yeye hakuwa mtu wa kinyongo, lakini sinema hatukuizungumza tena. Na kwa muda wote huo nilijipa nafuu moja: kwamba nilifichua uongo. Nilikuwa nashuku, nikathibitisha. Mzee alitaka mtu wa kumlimia na kumpikia, basi akamfunga mwanamke kwa barua za bandia. Ndivyo nilivyojiambia, na nilikuwa na nyumba tulivu ya kujiambia hivyo ndani yake.

Basi pale sebuleni, siku ya arobaini, wanaume walikuwa wameanza kufika na hitma ilikuwa inangojwa. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, nikasikia sauti ikisema, "Huyo anayekohoa si Ambakisye? Mugonile, shemeji. Umetoka nje leo, mvua itanyesha."

Nilimtambua kabla ya kucheka kwake. "Mugonile, Tupokile. Nimetoka. Usimwambie mtu."

"Binti wa marehemu ana kitu chako."

Mkono ukapita chini ya pazia ukanisogezea kopo la biskuti lenye kutu. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Nilidhani ni zile barua za Salum. Hapana. Ulikuwa mwandiko wangu, ule wa kujionyesha, na wino wa shule. Yalikuwa majibu. Yale niliyomwandikia Tupokile, yaliyokwenda posta.

"Hayakwenda popote," alisema Tupokile nyuma ya pazia. "Salum alimsomea baba, baba akayaweka kotini. Mzee alipofariki Salum akayatunza, akaniambia siku ya mazishi. Lakini nilikuwa najua tangu barua ya pili."

"Ulijuaje? Hukujua kusoma."

"Lwitiko hajawahi kuniuliza kama nimekula, shemeji. Tena jiko lilijengwa yeye ameshaondoka. Angejuaje lina paa? Nilisema kwenye barua linavuja upande wa kuni. Jumanne yake nikakuta mtu ameliezeka asubuhi, mimi nikiwa mtoni. Mume nilishajua sina. Nilikuwa na baba ananiandikia. Hilo lingetosha, kama usingepiga kelele."

Nikazirudisha karatasi kwenye kopo, kisha nikazitoa tena.

"Nisomee moja," alisema. "Yoyote."

Nikavaa miwani. Nikasoma kwa sauti ya chini, kama zamani kizingitini, yeye upande wake na mimi upande wangu. "Hapa hatujambo. Mvua ni nyingi. Baba naye yupo, ila anakohoa sana asubuhi. Ungekuwapo ungemwambia avae lile koti lake zito, hata jua likiwaka, asilivue mpaka mvua ziishe."

"Soma tena hapo," alisema Tupokile, "hapo pa koti."